Risala ya wasomaji wa gazeti la North Star kwa Mgeni Rasmi, Rochester, New York

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa kikundi, wazee wetu, akina mama na akina baba, ndugu waalikwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima wa kukutana siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Tunajua kwamba maneno haya yanakufikia kwa kinywa cha mkalimani. Tumemwomba asipunguze kitu, hata pale adabu itakapomshawishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Historia ya gazeti hili unaifahamu, hivyo tutaipitia upesi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka mwaka 1838, alitoa toleo la kwanza la North Star, yaani Nyota ya Kaskazini, gazeti la kupinga utumwa, katika mji huu tarehe 3 Desemba 1847, akisaidiwa na michango ya marafiki wa Uingereza. Martin Delany alikuwa mhariri mwenzake. Gazeti lilitoka kila wiki, kurasa 4, kwa dola 2 kwa mwaka. Waliolipa hawakutosha, na mwaka uliofuata Douglass akaiweka nyumba yake rehani ili gazeti lisife. Kaulimbiu yake ilisema kwamba haki haina jinsia na ukweli hauna rangi, na hayo hayakuwa maneno matupu, kwani taarifa ya mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls wa mwaka 1848 ilichapwa katika ofisi hiyo hiyo. Mwaka 1851 liliunganishwa na gazeti la Gerrit Smith, mpinga utumwa mwenzake, likachukua jina la Douglass mwenyewe.

Kikundi chetu, chenye wanachama kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, kimepiga hatua kubwa sana. Tumefasiri makala kadhaa kwa Kiswahili katika madaftari, watoto wetu wanaisoma kaulimbiu hiyo kwa lugha mbili bila kugugumia, na mwaka huu tumefanikiwa kununua meza ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Pamoja na mafanikio hayo, tunayo changamoto moja. Tulikuwa na maombi mengine, la kompyuta na la nauli, lakini tumeyaondoa ili hili lisikose nafasi.

Mzee mmoja wa mji huu alituachia karatasi moja halisi ya North Star. Karatasi za wakati ule zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ndiyo maana hii bado ni laini, wakati magazeti ya miaka ya baadaye, yaliyotokana na mbao, humeguka kama jani kavu la mgomba. Adui wake ni mkunjo na maji. Ilikaa imekunjwa mara nne kwa miaka mingi, na pale mikunjo inapokutana pana tundu ambalo kidole kinapita. Tunaihifadhi pamoja na madaftari yetu ndani ya boksi, katika chumba cha chini ya ardhi tulichoazimwa, na juu ya boksi hilo linapita bomba linalovuja. Tumeweka ndoo. Zamu ya kuimwaga ndoo imebandikwa mlangoni, na jina la katibu anayesoma risala hii limo.

Huenda ukauliza kwa nini tusitosheke na picha zilizowekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Bunge la Marekani. Tunazitumia, na tunashukuru. Lakini picha hizo zilipigwa kwa sababu kuna mtu aliyeiweka karatasi mahali pakavu, na madaftari yetu hayana picha popote. Tarehe 2 Juni 1872 nyumba ya Douglass katika mji huu iliungua, na majuzuu ya gazeti lake yakateketea. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimemwalika ayapeleke kwenye maktaba yake, ndani ya jengo lisiloshika moto, naye akakawia. Aliandika mwenyewe kwamba kukawia kwake kulithibitisha zaidi ya methali moja. Hakuzitaja; sisi tungemwazima ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa heshima kubwa, tunaomba chumba kimoja kikavu, kilicho juu ya ardhi, chenye ufunguo, pamoja na kabati la chuma linalostahimili moto. Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alitamka papa hapa, tukapiga makofi, kwamba kabati lingefika kabla ya theluji. Theluji imekwisha kuanguka na kuyeyuka mara mbili. Aliyemfuata aliipokea risala yetu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaahidi kuifanyia kazi. Hatuna shaka kwamba wote wawili walikuwa na nia njema, na wewe tunaamini una nia njema pamoja na tarehe.

Baada ya hafla hii tunakuomba ushuke nasi ngazi 14 ukaione ndoo. Risala hii tumeichapa nakala mbili: moja tunakukabidhi bila kuikunja, na ya pili tutaiweka ndani ya boksi, pamoja na zile za miaka iliyopita.

Tunaomba kuwasilisha.