Kusi la pwani yetu lipimwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Mikindani. Julai iliyopita umeme ulikatika usiku kucha. Alfajiri nilikuta maji ya friza yamechuruzika hadi mlangoni, changu na pweza niliowachukua kwa mkopo wamelegea. Nje kusi, ule upepo wetu wa kutoka kusini, lilikuwa linang'oa makuti ya jiko langu, na wavuvi walikuwa wamevuta ngalawa pwani kwa kuuogopa upepo huohuo. Nilisimama na ndoo mkononi nikijiuliza nguvu yote ile inapotelea wapi.

Nitaambiwa Mtwara tuna gesi. Ndiyo, tunayo. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, mitambo ya umeme ya hapa inaitumia, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Siipingi gesi, ila ipo siku itaisha. Tena gesi na umeme wa upepo vinasaidiana: kusi likivuma gesi ipumzike, upepo ukilala mitambo iwashwe. Kusi hukaza Juni hadi Agosti, kiangazi, wakati mito inapungua na mabwawa ya umeme yanashuka. Sisi tulioonja mgao wa umeme wa 2023 tunajua maana ya hilo.

Siombi minara ya umeme wa upepo kesho asubuhi. Naomba upepo wa pwani yetu, toka Msimbati hadi Kilwa, upimwe kwa milingoti mirefu, na matokeo yabandikwe hadharani. Upimwe mwaka mzima, maana kusi si kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na katikati kuna maleleji, bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani. Kukisia ni hasara: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane. Ukikosea kidogo kwenye kasi, umekosea sana kwenye umeme.

Kama nchi bado tuko nyuma. Mufindi kuna mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4. Mradi wa upepo wa Singida unatajwa zaidi ya miaka kumi sasa. Majirani zetu Kenya wamesimamisha mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, lakini nao walipata shida ambazo tusizirudie. Minara ilikamilika 2017, njia ya kusafirisha umeme, zaidi ya kilomita 400, ikachelewa, ikabidi isubiri hadi 2018. Halafu mwaka 2021 mahakama ya Meru, hukohuko Kenya, ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikutolewa kwa kufuata sheria.

Hili la ardhi linanigusa zaidi. Ufukwe wetu una minazi, mikorosho, makaburi ya wazee, na una wenyewe. Wenyewe waitwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya bikoni ya kwanza, alama ya wapima ardhi, kuchimbiwa, waelezwe mnara unachukua eneo gani, na kama watalima chini yake.

Wabunge wetu wa Mtwara na Lindi, bajeti ya nishati ikisomwa, tuulizieni: mlingoti wa kwanza wa kupima upepo utasimama wapi, na lini? Wataalamu wakija, waje Julai, wapande kilima kilicho nyuma ya mji wetu. Nitawapeleka mwenyewe.

Mchuuzi wa samaki,
Mikindani, Mtwara