Mdogo wako na hii kazi ya kodi

Shangani, Mtwara
9 Novemba

Ndugu yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi. Huku wazima, joto tu limetukalia vibaya, na ukipita kijijini harufu ya mabibo inakufuata mpaka ndani ya gari. Msimu wa korosho umeiva. Barua yako niliisomea barazani huku natafuna ming'oko, nikacheka peke yangu pale ulipouliza kama kwenye kodi za halmashauri kuna mkate kweli, au nilikimbilia huku kukwepa foleni za Dar. Mkate upo, shoga yangu. Siagi ndiyo ya msimu.

Sasa huyo mdogo wako wakili, aliyechoka na kesi za jinai na anayetaka kuhamia kazi yangu hii ya uwakili wa kodi. Asije akadhani kodi ni kitu kimoja. Kuna TRA, mamlaka ya mapato ya nchi nzima, na kuna halmashauri, na ukikosea mlango umekwisha. Kwa TRA njia imenyooka: ukipinga makadirio una siku 30, na unalipa kwanza theluthi ya kodi hiyo au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Ukishindwa hapo unakwenda Bodi ya Rufaa za Kodi, halafu Baraza la Rufaa za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani. Ushuru wa halmashauri una nyumba yake, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura ya 290, pamoja na sheria ndogo za kila halmashauri. Bodi haihusiki nao.

Hili nalijua kwa aibu. Jalada langu la kwanza la ushuru wa huduma, ule ambao halmashauri hutoza kwenye mauzo ya biashara, nililipeleka Bodi, nimevaa suti, nimebeba mafaili matatu. Nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba wao husikiliza migogoro ya sheria zinazosimamiwa na TRA. Nilitoka mle kama mtu aliyelia kwenye msiba usio wake. Mteja hakunidai nauli, ila mpaka leo akiniona sokoni anatabasamu.

Kuishtaki halmashauri nako siku hizi si mchezo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020 unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Nani atapita njia yote hiyo kwa ushuru wa laki sita? Ndiyo maana kazi yangu kubwa naifanyia kwenye benchi nje ya ofisi ya mweka hazina.

Ngoja nikusimulie ya mwaka jana, mdogo wako aipime mwenyewe. Kina mama fulani, mbele ya Tandahimba, wana kampuni ndogo ya kubangua korosho. Mtu ananunua korosho ghafi mnadani, anawapelekea, wanabangua, wanaziuza Dar kwa niaba yake, wanakata ujira wao na kumrudishia zilizobaki. Wakaletewa hati ya madai ya ushuru wa huduma, 630,000. Kiwango wakati huo kilikuwa 0.3% ya mauzo ukishatoa VAT na ushuru wa bidhaa, yaani shilingi tatu kwa kila elfu. Afisa mapato, kijana mstaarabu tu, alichukua taarifa ya benki, akajumlisha kila kilichoingia, akapata milioni 210, akapiga hesabu. Kosa lake nini? Benki haisemi pesa ni ya nani.

Nilikaa nao siku mbili chini ya mkorosho na kauntabuku lao. Mtunza daftari vidole vyake vyeusi, yale mafuta ya ganda yanachubua ngozi hata ukijipaka jivu, na kila ukurasa una alama ya dole gumba lake pembeni. Tukachukua simu yake, tukaoanisha ujumbe mmoja mmoja wa miamala na mistari ya daftari: hii imeingia, hii imerudishwa kwa mwenye mali, hii ndiyo yetu. Milioni 180 zilikuwa za watu. Za kwao 30. Ushuru ukashuka mpaka 90,000.

Lakini katika kuoanisha nikakuta kitu kingine. Vipande vilivyovunjika walikuwa wakiviuza wenyewe hapa mjini kwa fedha taslimu, kama milioni nne hivi, na havikuandikwa popote. Nikawaambia navyo tutavipeleka. Ushuru wake ni elfu kumi na mbili tu, lakini mwenyekiti alininunia wiki mbili! Kwake wakili ni mtu wa kuficha, si wa kufichua. Yule kijana wa mapato alipoona nimemletea hata ambacho hakukidai, alivuta kiti, akafungua kauntabuku upya, akaanza kusoma toka ukurasa wa kwanza. Tulimaliza kwa 102,000 siku ileile. Sasa hivi akiwa na hesabu iliyomshinda ananipigia yeye.

Na mimi, sikufichi, nina moyo nusu nusu. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa ya halmashauri, ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, haipiti tena dirisha la halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara ulishuka mwaka 2017 kutoka 5% hadi 3%, na sikulalamika, wateja wangu wananunua korosho. Sasa halmashauri ya vijijini huku itakula nini kama si korosho na hicho kidogo cha ushuru wa huduma? Mama mkwe wangu hutibiwa zahanati ya huko huko. Kuna siku nimeipunguzia halmashauri madai asubuhi, jioni yeye ananipigia kwamba dawa hakuna. Sijui zinahusiana vipi, ila simu ile huwa naipokea kwa kusitasita.

Kuhusu kipato, mwambie ukweli. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na malori ya jeshi yakaja, wanunuzi binafsi walitoweka, na mimi nikakaa miezi bila jalada jipya. Nilikula kwa mirathi na mikataba ya nyumba. Wenye gesi na saruji nao hulipa ushuru huohuo wa huduma, lakini huja na mawakili wao kutoka Dar, wanalala hoteli ya ufukweni na kuondoka kesho yake.

Akitaka kujaribu, aje Januari minada ikitulia, nimpeleke wiki nzima vijijini. Asilete suti. Alete viatu vya mchangani na kikokotoo chenye betri.

Korosho kilo mbili nimempa kondakta wa basi la alfajiri, zilizobanguliwa na kina mama walewale. Ni vipande.

Wako,
Mama Hawa