Mcheza dau wa farasi amefukuzwa na makato, si na mpira peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ninayoisikia mara kwa mara barazani hapa Malindi, kwamba kamari ya mbio za farasi inakufa duniani kwa sababu vijana wamehamia kwenye mikeka ya mpira na michezo ya simu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haujakamilika, na mimi niliyefanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, Nairobi kwa miaka kumi na minane kabla ya kurudi kwetu pwani siwezi kuinyamazia. Zawadi ya mshindi, ambayo humwezesha mwenye farasi kumlipa saisi na mpigaji wa viatu vya kwato, katika nchi nyingi hutokana kwa sehemu kubwa na madau ya watazamaji, kwa hiyo anayemfukuza mcheza dau huwa amegusa pia unga wa watu ambao hawajawahi kushika tiketi.

Msomaji asiyezijua mbio anapaswa kuelezwa kwanza jinsi fedha zinavyozunguka. Katika mfumo wa mfuko wa pamoja, ulioanza Ufaransa katika karne ya 19, mchezaji hashindani na mwenye kiwanja bali na wachezaji wenzake: madau yote hutiwa mfukoni, mwenye kiwanja hukata fungu lake, ndiyo makato yenyewe, kabla ya jambo lolote, na kilichobaki hugawanywa kwa waliopatia. Huko Marekani fungu hilo hukaribia au huzidi kidogo asilimia 16 kwa dau la kutaja mshindi tu, na hupita asilimia 20 kwa madau mengi ya kutaja farasi wawili, watatu au wanne kwa mpangilio. Wachezaji wanaoanza na shilingi 100 na kuzirudisha mfukoni kila mbio, wakikatwa asilimia 20, hubakiwa na 80, kisha 64, kisha 51, na baada ya mbio ya nne wana shilingi 41. Wangekatwa asilimia 10, wangekuwa bado na 65 na ushei. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atarudi Jumapili ijayo au atakaa nyumbani.

Wenye viwanja, badala ya kuliona hilo, mara nyingi walipoona mapato yanashuka waliongeza makato. Jimbo la California liliyapandisha kuanzia 2011, na Churchill Downs, kiwanja mashuhuri cha Kentucky, kikayapandisha mwaka 2014, na kote kuwili wachezaji waliitana kususia. Madau ya Marekani nzima, yaliyokuwa kama dola bilioni 15 mwaka 2003, yalikuwa yamebaki bilioni 11 na kidogo mwaka 2024, ilhali dola ya leo hainunui ilichonunua wakati ule. Golden Gate Fields, karibu na San Francisco, kilifanya mbio zake za mwisho Juni 2024, na Singapore, iliyokuwa na mbio tangu karne ya 19, ilimaliza Oktoba mwaka huohuo. Sisemi kwamba kila kiwanja kilichofungwa kiliuawa na makato, maana thamani ya ardhi mijini nayo ina mkono wake.

Lipo linalouma zaidi ya makato, nalo ni odi, yaani mara ngapi ya dau mshindi atalipwa kulingana na madau yalivyogawanyika mfukoni, kubadilika farasi wakiwa wameshatoka langoni. Vikundi vyenye kompyuta na mitaji mikubwa huingiza madau yao katika sekunde za mwisho, tena wengi wao hurudishiwa sehemu ya makato ambayo mchezaji mdogo hulipa yote. Mtu anakata tiketi farasi wake akionyeshwa kwa odi ya nane, mbio zinaanza, na kabla ya kona ya kwanza odi imekuwa nne. Jambo la namna hiyo lilinipata mimi mwenyewe katika duka moja la kubeti hapa mjini linaloonyesha mbio za ng'ambo: farasi wangu alishinda, nikalipwa karibu nusu ya nilichokiona kwenye skrini, na nilipouliza nikaambiwa kwamba malipo hufuata odi ya mwisho. Inawezekana kabisa kwamba hiyo ndiyo kanuni, lakini hakuna aliyeniambia kabla, na haikuandikwa kwenye tiketi wala ukutani. Mvuvi wa hapa akikubaliana nawe bei ya changu, kisha akaibadilisha samaki akiwa tayari kikapuni mwako, hutanunua kwake tena, hata kama samaki wake ni wazuri kuliko wote ufukweni.

Wanaoulaumu mpira peke yake waitazame Hong Kong. Madau ya farasi huko yalishuka kutoka dola za Hong Kong bilioni 92 katika msimu wa 1996/97 hadi kama bilioni 60 msimu wa 2005/06. Mwaka 2006 serikali iliacha kutoza kodi juu ya kila dau, ikatoza juu ya kile kinachobaki baada ya washindi kulipwa, na wachezaji wa madau makubwa wakaanza kurudishiwa sehemu ya walichopoteza, yaani makato yao yakapungua. Kufikia 2014 madau yalikuwa yamevuka bilioni 100, ingawa kamari ya mpira ilikuwa imehalalishwa huko tangu 2003 na huendeshwa na klabu ileile inayoendesha mbio za farasi.

Najua kwamba majirani zangu wengi wanaiona kamari kuwa haramu, nami simshawishi mtu aingie. Lakini maadamu sheria yetu inairuhusu, anayecheza ana haki ya kujua anakatwa nini. Naomba mamlaka inayosimamia Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025 iagize kwamba kila tiketi ya farasi, iwe ya mbio za kiwanja cha Ngong Road, Nairobi, au za ng'ambo, ichapwe kiasi cha makato na kanuni ya malipo kwa Kiswahili, na kwamba mauzo ya mbio za hapa nchini yafungwe mapema kiasi cha odi ya mwisho kuonekana kabla lango halijafunguliwa.

Wasalaam,
Saisi mstaafu,
Shela, Malindi