Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Upimaji wa Mkazo wa Joto Kazini

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyonitaka, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka uliopita. Vikao vya kamati tendaji vilifanyika, mafunzo ya wapimaji wapya yalifanyika, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Fomu ya kurekodi vipimo nayo imepatikana. Niliiandaa mwenyewe nje ya saa za kazi na sikudai posho. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Ninalotaka kulizungumza ni lile lililozua maneno: uamuzi wa kamati wa kutogonga muhuri wa chama kwenye taarifa yoyote ya mkazo wa joto (yaani mzigo wa joto unaouelemea mwili wa mfanyakazi) iliyotokana na kipimajoto cha ukutani na kipima unyevu peke yake, au na programu ya simu, au na tufe dogo (mpira mweusi wa shaba wenye kipimajoto ndani, unaopokea mionzi) lisilofanyiwa masahihisho. Hoja hiyo niliileta mimi, ikapigiwa kura, ikapita. Wengi wa wanaoilalamikia leo hawakuhudhuria kikao kile, ingawa ajenda walitumiwa mapema.

Wanasema kifaa kamili cha WBGT (kipimo kimoja kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, upepo na mionzi) ni ghali, kinachelewesha kazi, na mteja haoni tofauti. Nianze na hilo la tofauti. Mfanyakazi aliyesimama mbele ya mdomo wa tanuru anapigwa na mionzi ya joto. Mionzi hiyo hupita hewani bila kuipasha sana, kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa nyuma ya nguzo kinaweza kusoma nyuzi 34 wakati tufe jeusi mahali anaposimama mtu linasoma 45 au zaidi. Programu za simu ndizo zisizofaa kabisa. Kielezo chao cha joto na unyevu kilitengenezwa kwa mtu aliye kivulini penye upepo mwepesi, na jua kali peke yake linaweza kukipandisha kwa takriban nyuzi 8. Mwenye kukitumia pembeni ya tanuru anapima kitu kingine kabisa.

WBGT si mtindo mpya tulioubuni ili kuwasumbua watu. Yaglou na Minard waliieleza mwaka 1957, baada ya askari wa majini wa Marekani kuanguka kwa joto mazoezini, na leo imo katika kiwango cha ISO 7243, toleo la 2017. Ndani ya jengo unachukua 0.7 ya kipimajoto cha utambi (kile kilichovikwa pamba yenye maji) na 0.3 ya tufe. Juani unachukua 0.7 ya utambi, 0.2 ya tufe na 0.1 ya joto la hewa. Utambi ukisoma 26 na tufe 45, ndani unapata 18.2 na 13.5, jumla 31.7. Taarifa mbili zilizoletwa kwetu zilikuwa zimetumia kanuni ya juani ndani ya ukumbi wenye paa, kwa sababu tu kitufe cha kifaa kiliachwa hapo tangu kazi iliyotangulia.

Kosa kubwa kuliko hilo ni wastani. Tumeletewa taarifa zilizochukua wastani wa zamu nzima ya saa 8, pamoja na mlo na asubuhi ya baridi, zikahitimisha kwamba hali ni salama. Wastani unatakiwa uwe wa saa moja, tena saa mbaya kuliko zote. Tuseme mtu anafanya kazi ya wati 300 (wati hapa ni joto ambalo mwili wake unazalisha) kwa dakika 40 penye WBGT 31.7, kisha anapumzika dakika 20 kwenye chumba chenye WBGT 25. Wastani wa joto ni takriban 29.5. Wastani wa joto analozalisha mwilini, ukihesabu wati 115 za mapumziko, ni takriban 238, ambao bado umo katika kazi ya kadiri. Mpaka wa WBGT kwa kazi hiyo, kwa aliyezoea joto, ni 28. Amevuka. Wastani wa zamu nzima ungemficha.

Kwa faida ya waliopoteza jedwali la mipaka ya WBGT: mtu aliyepumzika, wati 115, mpaka wake ni 33 akiwa amezoea joto na 32 akiwa hajazoea, kazi nyepesi, wati 180, ni 30 na 29, kazi ya kadiri, wati 300, ni 28 na 26, kazi nzito, wati 415, ni 26 na 23, kazi nzito sana, wati 520, ni 25 na 20. Angalieni pengo linavyopanuka kwenye kazi nzito. Ndiyo maana kuandika tu "wafanyakazi wamezoea" bila kuuliza nani ameajiriwa wiki hii na nani ametoka likizo ni uzembe. Mgeni aanze na asilimia 20 ya muda wa kawaida penye joto siku ya kwanza, kisha asiongezwe zaidi ya asilimia 20 kwa siku. Mzoefu anayerudi aanze na 50, kisha 60, 80 na 100.

Mavazi nayo yanasahaulika. Ovaroli ya kawaida ya kitambaa haiongezi kitu. Tabaka mbili za kitambaa zinaongeza nyuzi 3 kwenye WBGT. Ovaroli isiyopitisha mvuke inaongeza 10, na kofia yake inaongeza 1. Mtu wa kazi ya kadiri aliyevaa hiyo amebakiwa na mpaka wa 18 hivi, na sijui ukumbi wa tanuru wenye 18. Hapo acheni kubishana na tufe, mpimeni mtu mwenyewe: mapigo ya moyo yasikae kwa dakika kadhaa juu ya 180 ukitoa umri wake, dakika moja baada ya kilele cha kazi yasizidi 120, uzito usipungue zaidi ya asilimia 1.5 kwa zamu; joto la ndani ya mwili lisizidi 38.5 kwa aliyezoea na 38 kwa asiyezoea. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso hakihesabiki, kwa kuwa jasho limeshaipoza ngozi.

Sasa hili la kuchelewesha. Ni kweli tufe la milimita 150 linahitaji dakika 20 hadi 30 kabla halijatulia. Tufe dogo hutulia upesi, lakini upepo hulivuta kuelekea joto la hewa kuliko lile kubwa, kwa hiyo penye tanuru na feni kwa pamoja litasoma chini ya ukweli. Anayesoma tufe kubwa baada ya dakika tano naye anapata namba ya chini. Utambi uloweshwe nusu saa kabla, kwa maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa), maana chumvi ya maji ya bomba hubaki kwenye pamba na kuzuia maji kukauka. Usiukinge wala usiupulizie upepo. Joto likitofautiana kati ya kichwa na miguu, pima mita 1.7, 1.1 na 0.1 kwa aliyesimama, na kipimo cha tumboni kihesabiwe mara mbili. Nusu saa hiyo ya kungoja ndiyo ya kuhesabu mizigo, kuuliza mapumziko na kukadiria wati. Mwenye haraka atafute kazi nyingine.

Mapendekezo ya baadhi yetu nayo yanachosha: kila taarifa inaishia "waongezewe feni". Hewa ikipita nyuzi 35, feni inampelekea mtu joto la hewa badala ya kumwondolea, na faida inayobaki ni ya kukausha jasho tu. Penye unyevu mwingi hata hiyo hupungua. Kinga ya bati la alumini linalong'aa kati ya mtu na tanuru itangulie.

Kuhusu mahudhurio, sitaficha. Siku ya kulinganisha vifaa walikuja walewale wa kila mwaka. Zaidi ya nusu ya wanachama hawajalipa ada, na ugezi wa vifaa (kuhakiki kama vinasoma sawasawa) hautegemei mfuko mwingine wowote. Lakini wadaiwa hao ndio wa kwanza kuazima. Tufe moja limerudishwa rangi nyeusi imechunika hadi shaba inaonekana, na shaba tupu huakisi mionzi badala ya kuimeza. Tufe hilo lingeendelea kusoma chini bila mtu kujua. Kibakuli cha utambi kilikuwa kikavu na kina ukungu. Aliyeazima hajasema neno. Kuanzia sasa kifaa hakitoki bila stakabadhi ya ada, na lawama zake nitazibeba mimi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuongeza vifaa hali ikiruhusu, kuwa na mafunzo ya mara kwa mara, na kuzungumza na viwanda kuhusu utaratibu wa kuwazoesha wageni. Kamati itakaa na kupanga tarehe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti