Pato la kila Mtanzania: la kwangu lipo kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya Jumatatu, ile ya ukurasa wa kwanza yenye picha ya barabara ya juu, imenitoa kwenye ukimya. Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Mmesema pato la kila Mtanzania limepanda. La kila Mtanzania, Mhariri? Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotuingiza uchumi wa kati wa chini, wastani ulikuwa dola 1,080 kwa mwaka 2019, na mstari wa kuvuka ulikuwa 1,036. Kwa dola 44 mlishangilia kana kwamba tumepata uhuru mara ya pili. Sisi nyumbani tuko sita: hizo ni dola 6,480, karibu shilingi milioni 15 za wakati ule. Naomba kujua za kwetu amezishika nani, kitambulisho cha NIDA ninacho.

Wastani naujua, mimi ni fundi cherehani, kugawanya ndiyo kazi yangu. Najua pia kwamba mwaka 2014 Kenya walibadili mwaka wa msingi wa hesabu zao, yaani ule mwaka wanaoutumia kama kipimo cha kulinganishia uchumi, uchumi ukawa mkubwa kwa asilimia 25 kwa siku moja, na sisi tukafuata mwaka huohuo. Njaa ya jana yake ilibaki palepale.

Mtaniambia kuna kile kipimo cha maendeleo ya watu cha Umoja wa Mataifa, alichokianzisha Mahbub ul Haq wa Pakistani mwaka 1990: umri wa kuishi, miaka ya shule na kipato. Afadhali hicho. Lakini nacho kinahesabu miaka ya kukaa darasani, hakiulizi kama mtu anajua kusoma. Na tangu 2010 wanatoa hesabu ya pili, inayopunguzwa kwa ajili ya pengo kati ya aliyenacho na asiyenacho. Hiyo gazetini kwenu sijaiona hata siku moja.

Niwaambie kilichonipata. Alikuja binti na kishikwambi, mpole, mwenye heshima zake, anauliza hali ya kaya. Paa? Bati. Sakafu? Saruji. Simu? Ipo. Chanzo kikuu cha maji? Nikamwambia bomba lipo uani lakini limekauka, tunanunua kwa mkokoteni, dumu la lita 20 shilingi 500, na bili ya bomba inakuja kila mwezi vilevile. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, hapa nachagua moja tu." Akachagua bomba! Basi huko juu mimi ni mwananchi mwenye maji nyumbani. Utafiti wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanyeni kwa 30 mpate 1,644. Mpangaji wa chumba kimoja akinunua madumu mawili anabaki na 644 ya kula, kodi, nauli na dawa, na vitabu vinasema huyo ameshauvuka umaskini! Pandisheni mstari huo kwa bei za leo mnavyotaka, bado sioni anakula nini.

Na kwa kuwa tunazungumza hesabu: mtaani kwetu mapato na matumizi hayasomwi. Tunaitwa mkutano, tunaambiwa kuchangia madawati, ukiuliza ya mwaka jana yalikwenda wapi unaitwa mpinzani. Kama hela ya madawati haihesabiki, hizo dola 7,000 za kila mtu zilizoandikwa kwenye Dira ya 2050, ule mpango wa maendeleo ya taifa, atazihesabu nani?

Sasa ombi langu. Kila mtakapochapa pato la kila mtu, wekeni chini yake, kwa herufi zilezile kubwa, bei ya kilo ya sembe na ya dumu la maji wiki hiyo. Na ile picha ya barabara ya juu ipumzike. Mpiga picha wenu aje apige bomba langu, siku yoyote isipokuwa Alhamisi usiku, maana ndipo huwa linatoa.

Fundi cherehani,
msomaji wenu