Mwanangu, umewauliza kama wanaimba?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Tukuyu. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu aanze ile dawa uliyotuma, asante sana, ndaga fijo. Mvua haijakata tangu Jumatano. Naandika sebuleni, mwanao, bwana mdogo, amelala, na bati linapiga kelele kiasi kwamba redio nimeizima.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatumalizani. Juzi uliniambia, "Baba, muziki ataufanya akishakuwa mkubwa, sasa hivi asome." Halafu ukasema unaitwa ofisini. Usiku ule sikulala vizuri. Hukunijibu vibaya, usije ukadhani nimekasirika. Ni kwamba maneno hayo niliwahi kuyasikia humu humu ndani, tena hayakutoka kinywani mwako.

Swali langu ni moja na bado sijapata jibu. Hiyo shule ya bweni unayompeleka Januari, umewauliza kama wanaimba? Fomu ya kujiunga uliyotuma nimeisoma yote. Nimeona godoro, ndoo 2, rimu ya karatasi, jozi 4 za soksi, kandambili. Nimeona masomo ya jioni mpaka saa 3 usiku, na Jumamosi pia. Kwaya sikuiona. Bendi ya shule sikuiona. Nikampa mama yako naye aisome, nikidhani labda ni miwani yangu. Naye hakuona.

Mtoto amefaulu mtihani wa darasa la nne akiwa hapa kwetu, na Jumatano na Jumamosi zote alikuwa kwenye tarumbeta. Sijui kwa nini jambo hilo halihesabiwi.

Nisikilize mama. Kwaya nimeifundisha miaka 31, shuleni na kanisani. Watu wazima wanajifunza kuimba, sikatai. Nimewafundisha sauti ya nne wazee wa miaka 50 na wakaishika. Lakini niliona tofauti, na niliiona mara nyingi sana kiasi kwamba siwezi kuiita bahati. Yule aliyekuja ukubwani bila kuimbiwa utotoni anaujua wimbo tuliomfundisha, basi. Kwaya ikigombana, ikivunjika, harudi tena. Yule aliyelelewa kwenye sauti, hata akihamia Tunduma kufanya biashara, wiki ya pili utasikia ameshajua mazoezi yanafanyika wapi. Hakuna aliyemtuma. Sasa huyu wetu ni wa namna hiyo ya pili, na wewe unataka kumpeleka mahali ambapo hata akitafuta hatapata. Umewauliza?

Kuna jambo lako ambalo huwezi kulikumbuka, kwa hiyo nakwambia. Mama yako alikuwa akija mazoezini na wewe mgongoni, tangu ukiwa na miezi miwili. Kabla ya hapo ulikuwa tumboni, na mtoto wa tumboni husikia tangu karibu mwezi wa sita, hasa sauti ya mama yake mwenyewe. Mama yako huimba sauti ya pili, ile inayopita chini ya sauti inayobeba wimbo. Sikio lako lilikuwa limebanwa kwenye uti wa mgongo wake, na kwaya nzima ikiimba, sauti iliyokuingia kwanza ilikuwa ile ya pili, inayopita kifuani mwake. Ulipofika miaka minne ukaanza kuimba nyimbo za kanisani ukiwa peke yako uani, na nyimbo zote uliziimba kwa sauti ya pili. Jirani akasema mtoto hajui kuimba, anakosea tuni. Mimi nilikaa mlangoni nikasikiliza mpaka mwisho. Hukukosea hata mahali pamoja. Kwako wewe huo ndio ulikuwa wimbo wenyewe, kwa kuwa ndivyo ulivyoupokea mgongoni.

Huyu mwanao alikuja kwetu ana miaka mitatu, mgongo ulikuwa umeshampita. Yeye amenisikia mimi. Basi anaimba besi, kwa kale kasauti kake kembamba, anashuka ninaposhuka mimi.

Mimi mwenyewe ilinianza Rungwe, alfajiri ya Pasaka, nikiwa na miaka mitano hivi. Unajua desturi yetu sisi wa Kanisa la Moravian ya kwenda makaburini kabla jua halijachomoza, hilo sina haja ya kukueleza. Wamisionari kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na tarumbeta ni desturi ya Wamoravian tangu huko walikotoka. Nakwambia tu nilichokiona mimi. Ukungu ulikuwa mzito hata mpigaji hakuonekana. Nilikuwa begani kwa baba yangu, mtu ambaye hakujua nota wala hakuwahi kukaa kwenye kwaya. Sauti ikatoka kwenye ukungu, kwanza moja, halafu nyingine chini yake. Nikahisi mabega ya baba yametetemeka, sijui kwa baridi au kwa nini. Nina miaka zaidi ya 70 sasa. Kila nikisikia tarumbeta, hata ya harusi kwenye gari sokoni, mwili wangu unarudi kwenye yale mabega.

Baadaye ikaja redio ya dukani. Nikitumwa maji nilikuwa nachelewa kwa sababu ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Nilichapwa kwa ajili hiyo, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa wazee hawakupenda muziki wa dansi. Mbaraka alipofariki mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mpya, nikasimama nje ya duka na chaki mkononi kama mtu aliyefiwa. Sikumwambia mtu. Lakini nikupe ukweli, zile besi nilizowapangia kwaya miaka ya 1980, nyingine nilizitoa kwenye gitaa la dansi. Mchungaji alizisifu.

Sasa nirudi kwa bwana mdogo. Tarumbeta ina vitufe vitatu tu. Mtu asiyejua anadhani kila sauti ina kitufe chake, kama kinanda. Hapana. Bila kubonyeza kitufe chochote unaweza kutoa do, so, do ya juu, mi, so ya juu, na kinachobadilika ni midomo na pumzi tu. Maana yake ni kwamba mpigaji lazima aisikie sauti kichwani kabla hajapuliza, la sivyo inatoka nyingine. Watu wazima wanahangaika sana hapo. Wanapuliza kwa nguvu, mashavu yanavimba, mi haitoki, inatoka so. Huyu mtoto aliipata mi siku ya tatu. Nilimwuliza umefanyaje, akasema, "Babu, nimeiwaza."

Kuna jambo jingine sijakwambia kwa sababu nilijua utasema nazidisha. Mwezi wa nane mfuniko wa sufuria kubwa ulimponyoka bibi yake jikoni. Mtoto alikuwa sebuleni anaandika hesabu, hakuinua hata kichwa, akasema, "Hiyo ni kengele ya kanisani." Bibi yake akacheka. Mimi Jumapili niliuchukua ule mfuniko nikaufunga kwenye mfuko, nikaenda nao mapema kabla watu hawajafika. Nikagonga mfuniko, nikagonga kengele. Sauti ni ile ile. Nimekuwa mwalimu wa muziki maisha yangu yote na sikio hilo mimi sina, mimi lazima nipewe sauti kwanza ndipo nijue nyingine iko wapi. Tulifundishwa kwenye semina kwamba wanaolipata sikio la namna hiyo kwa kawaida ni wale walioanza wadogo, kabla ya miaka sita au saba, na mtu mzima karibu halipati kabisa. Sasa wewe unaniambia ataufanya akishakuwa mkubwa.

Sisemi awe mwanamuziki. Wala sina hamu hiyo, awe daktari kama anavyosema baba yake, awe mhasibu kama wewe. Huku mtaani najulikana kwa kukutaja. Mtu akiniuliza bei ya parachichi mimi namjibu kwamba binti yangu ni mhasibu Dodoma. Hesabu zako zimetujengea hiki choo cha ndani na hizi nguzo za baraza, na sijui kama nimewahi kukushukuru sawasawa.

Lakini huimbi. Ulipokuja kwa msiba wa shangazi yako nilikuangalia. Kwaya iliimba usiku kucha, wewe ulikaa na wanawake jikoni, ukaosha masufuria yote kimya. Nyimbo zile zote unazijua. Nyingine ulizijua kabla hujajua kuhesabu.

Mambo ya kinanda unayajua, siyarudii. Ninachotaka kusema ni kuhusu lile kufuli nililokifungia tu. Nyumbani nilisema nimeliweka kwa sababu ya panya, na panya walikuwepo, mama yako ni shahidi. Lakini kufuli lile lilikaa kuanzia Februari mpaka Septemba, na mtihani wako wa darasa la saba ulikuwa Septemba. Ulifaulu, nikazunguka mtaa mzima na jina lako. Oktoba nikalifungua. Nilikiacha kinanda wazi, mfuniko juu, nikategemea jioni nitasikia kitu. Ikaisha wiki. Nikajiambia amekua, mambo ya utoto yamekwisha. Nimeishi na maelezo hayo miaka 20 na kitu, na yalinitosha mpaka uliponipigia simu juzi ukaniambia mwanao asome kwanza.

Basi. Umewauliza au hujawauliza?

Kama hawana kwaya, usiniambie ndiyo basi. Dodoma makanisa yapo, omba ruhusa awe anatoka Jumapili. Ongea na mwalimu wa zamu mwenyewe, usimtume dereva. Tarumbeta ni mali ya kanisa na haiwezi kuondoka huku, lakini nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikawaomba, wamekubali abaki na kile kipande cha mdomoni. Nimemfungia kwenye soksi. Akikipuliza peke yake dakika 10 kila siku midomo haitalegea. Akiacha miezi mitatu tu itabidi aanze upya, na mtoto akiona kimemshinda kitu alichokuwa akikiweza, anakiacha kwa aibu. Mweleze matroni kwamba hicho si chuma cha kuchezea, asije akamnyang'anya. Usimnunulie kale kakinanda ka plastiki kanakojipigia nyimbo kenyewe. Na asiimbe kwa kupiga kelele kama wanavyoimba kwenye mahafali, ataharibu koo.

Na wewe mwenyewe, mtakapokuwa njiani, kutoka Mbeya mpaka Iringa na ile barabara ya Mtera ni mchana kutwa. Zima hiyo redio ya gari saa moja tu. Yeye ataanza mwenyewe, huwa haachi. Atashika besi. Sauti ya pili itakuwa haina mtu.

Mambo mengine. Ng'ombe amezaa ndama jike, anakunywa vizuri. Parachichi mwaka huu wanunuzi wamekuja mapema na bei yao ya kukatisha tamaa, nimewaambia wasubiri, mdogo wako anasema nitajuta. Mbolea nimepata mifuko 2, bado 1. Bati la upande wa jikoni linavuja pale pale, fundi aliyeliziba mara ya mwisho hakuziba kitu, usimtumie tena hela hata akikupigia mwenyewe. Mama yako anauliza kama ile blanketi ya mistari unaihitaji au aitumie. Krismasi mbili hukuja na hatukusema neno, ila yeye huandaa kitanda chako kila mara, na mimi ndiye huwa nakitandua.

Kinanda bado kipo. Mvukuto ulipasuka, nikaushona kwa ngozi ya kiatu, kinatoa pumzi vizuri isipokuwa ile fa ya chini. Miguu ya bwana mdogo ilikuwa haifiki, basi bibi yake alikuwa anakaa pembeni anakanyaga, huku anachambua maharage, mtoto anapiga. Sijui jioni zitakuwaje Januari. Jana mama yako alimwuliza atatupigia nini siku ya kuondoka, akasema atapiga kesho, kesho, hajapiga.

Pasaka njooni wote. Nitakuwa nimeshaongea na mwenyekiti wa tarumbeta, nafasi yake watamshikia. Tutatoka nyumbani saa 10 alfajiri na unajua baridi ya hapa ilivyo, kwa hiyo mletee sweta nzito. Ile ya bluu imeshambana mikononi.

Nijibu kuhusu kwaya.

Mimi baba yako