Usifute kodi ya programu yako ya zamani, ihamishe kidogo kidogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kurasa za teknolojia kila siku ni simu mpya, akili mnemba mpya, kila kitu kipya, sawa, lakini kuna watu kibao wana programu walizoziandika zamani kwa kupenda tu, hawakulipwa na mtu, ziko kwenye diski ya zamani au flashi, na siku wakitaka kuzirudisha kazini ushauri wanaopewa ni uleule: futa, anza upya, siku hizi akili mnemba inakuandikia yote kwa jioni moja. Mimi huo ushauri naupinga na nitasema kwa nini.

Nina programu ndogo ya kuendesha ligi ya drafti. Unaingiza matokeo, inapiga wastani wa pointi za kila mchezaji kwa raundi, inapanga msimamo, basi. Iliandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na Python 2 ilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, toleo la mwisho kabisa 2.7.18 likatoka Aprili mwaka huohuo na baada ya hapo hakuna tena marekebisho, hata ya usalama. Dirisha lake la kwenye skrini lilijengwa kwa PyGTK, kifurushi cha kutengeneza madirisha ya programu, ambayo nayo ilishaachwa zamani, mrithi wake ni PyGObject. Kwahiyo kuhamia Python 3, toleo lililoirithi Python 2, ni lazima, hilo halina mjadala.

Sasa watu wanaogopa eror, wakati eror ndo sehemu nyepesi ya hii kazi. Ukiacha print, amri ya kuandika kwenye skrini, bila mabano, Python 3 inagoma palepale na kukuonyesha mstari. Mchezaji ambaye hajacheza hana pointi, Python 2 ilikuwa inakubali kulinganisha "hakuna kitu" na namba halafu inamweka chini kimyakimya, Python 3 inakataa kabisa inasema hivi haviwezi kulinganishwa. Vizuri tu, umejua pa kurekebisha.

Pagumu ni pale ambapo hakuna anayelalamika. Kwenye Python 2 ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3, kwenye Python 3 unapata 3.5. Chukua mchezaji mmoja ana pointi 7 kwa raundi 2, mwenzake ana 10 kwa raundi 3. Kwa hesabu ya zamani wote wana wastani wa 3, wamelingana, inaangaliwa nani alimfunga mwenzake walipokutana. Kwa hesabu mpya ni 3.5 na 3.33, wa kwanza anapanda juu bila hata kuangalia walivyokutana, yaani msimamo umebadilika, pengine na bingwa kabadilika, na skrini haijaonyesha eror hata moja! Kuzungusha namba nako hivohivo, round ya 2.5 zamani ilitoa 3, sasa inatoa 2, maana namba ikiwa katikati kabisa inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kile kizana cha 2to3 kilichokuwa chenyewe kinageuza kodi, yaani maandishi ya programu, kutoka Python 2 kwenda Python 3 hakikugusa alama ya kugawanya, na kingejuaje wewe ulitaka jibu zima au la desimali? Hilo analijua aliyeandika na waliocheza ile ligi.

Ndo maana nasema kodi ya zamani imebeba maamuzi ambayo hayajaandikwa popote pengine. Ukifuta umeyafuta nayo. Akili mnemba inasaidia kweli, siikatai, lakini ukiiambia "niandikie programu ya ligi" itakuandikia ligi yake, sio yako.

Njia ninayoitetea ni hii. Kabla hujagusa chochote, iwashe ile programu kwenye mazingira yake ya zamani, mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, inatosha, ilishe data zote za misimu iliyopita, kila msimamo inaoutoa uhifadhi kwenye faili la maandishi. Hayo mafaili ndo mashahidi wako. Halafu badilisha kitu kimoja, kimoja tu, linganisha na mashahidi, vikilingana hifadhi hatua hiyo kwenye Git, kizana cha kutunza kila badiliko la kodi, ndo uende kingine. Kwanza tenganisha hesabu na dirisha, halafu hamisha lugha, dirisha liwe la mwisho. Pale kwenye wastani tumia mikwaju miwili // ili jibu libaki zima kama zamani, na kama wanaligi wanataka desimali wakae wakubaliane, ianze msimu mpya, matokeo ya nyuma yasiguswe.

Na hapo kwenye kubadilisha vipande, usivute kila laibrari, yaani kodi iliyoandikwa na wengine, unayoiona. Machi 2016 kipande kinaitwa left-pad, mistari 11 tu ya kodi, kiliondolewa npm, ghala la mtandaoni la laibrari za lugha ya JavaScript, na miradi mingi duniani iliyokitegemea ikashindwa kujengwa siku hiyo. Kinachofanyika na vitu vinavyokuja na Python yenyewe kifanye navyo, vingine andika namba kamili ya toleo unalotumia. Data zangu ziko SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, zimefunguka bila shida yoyote, muundo wa faili la SQLite 3 ni wa tangu 2004 na wanaoitunza wamesema wanakusudia kuihudumia mpaka 2050.

Kuna mahali nakubali kuandika upya. Gemu la Flash, kwa mfano, ile teknolojia ya Adobe ya kuchezesha magemu na katuni kwenye kivinjari, Adobe waliacha kuihudumia 31 Desemba 2020 na kuanzia 12 Januari 2021 wakazuia isicheze kabisa, hapo kuna emuleta, yaani programu ya kuigiza, kama Ruffle na ikishindwa unaandika upya, huna jinsi. Lakini hata makampuni makubwa yaliumia kwa hii tabia, Netscape walitupa kodi ya kivinjari chao wakaanza mwanzo, kutoka toleo la 4 mwaka 1997 mpaka la 6 mwaka 2000, toleo la 5 halikutoka kabisa, na muda wote huo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, inachukua watumiaji.

Ombi langu kwa gazeti, tengeni hata nusu safu kwa wiki kwa ajili ya kazi hizi za kukarabati programu za zamani, waandike wanaozifanya, na mifano yao ya kodi muichape kama ilivyo. Na msomaji mwenye programu yake kwenye diski ya zamani, nakili kwanza leo kabla haijagoma kusoma, mengine yatafuata.

Msomaji wenu wa siku nyingi